Shule binafsi na pesa za umma: anzia kwenye rejista

Shule binafsi ikianza kupokea ruzuku, kila mtu hukimbilia kuuliza matokeo ya mtihani. Mimi naanzia kwenye rejista ya mahudhurio. Ruzuku nyingi hulipwa kwa kichwa cha mwanafunzi, kwa hiyo anayehesabu vichwa ndiye aliyeshika mfuko.

Mwaka 2007 Uganda ilianza kuzilipa shule binafsi shiriki za sekondari, yaani zilizoingia ubia na serikali, shilingi 47,000 kwa kila mwanafunzi kila muhula. Kwa kiwango hicho, wanafunzi hewa 25 kwa mihula 3 ni shilingi 3,525,000, na hakuna ukuta uliobomolewa wala kasha lililovunjwa. Ni tiki tu.

Kuna njia mbili kuu za kuhesabu. Programu ya vocha ya Milwaukee, Marekani, iliyoanza 1990 na ambayo hulipia watoto shule binafsi kwa pesa za umma, huhesabu Ijumaa ya tatu ya Septemba na Ijumaa ya pili ya Januari. Ni rahisi kukagua, ila siku ikishajulikana, madarasa hujaa siku hiyo. Chile hulipa kwa wastani wa mahudhurio ya miezi iliyotangulia. Hapo siku moja ya maonyesho haisaidii kitu, lakini mwalimu anakuwa na sababu ya kudanganya kila asubuhi, na shule yenye watoto wanaougua mara kwa mara huumia bila kosa. Mimi ningechagua siku maalumu, mradi ziwepo ziara za kushtukiza katikati.

Rejista ya kughushi hujitambulisha. Tiki zina wino mmoja na mlalo mmoja tangu tarehe 1 hadi 30, kwa sababu zilitiwa kwa mkao mmoja. Mwezi mzima hakuna aliyeumwa. Sikukuu ya kitaifa nayo ina mahudhurio kamili. Ukiona hivyo, chagua majina 20 bila mpangilio, yatafute kwenye orodha ya mtihani, kisha ingia darasani uwaone watoto wenyewe. Na bila namba moja ya kudumu kwa kila mwanafunzi, mtoto yuleyule atalipiwa katika shule mbili na hakuna atakayegundua.

Baada ya vichwa, pesa. Akaunti ya pekee ya ruzuku ni lazima, lakini haitoshi. Uvujaji mkubwa hupita kwenye kodi ya pango: mmiliki wa shule anamiliki pia kampuni yenye jengo, kampuni inapandisha kodi, shule inalipa. Mkataba upo, risiti zipo, na mkaguzi anatoa hati safi. Hati safi husema hesabu zimeandikwa sawasawa; haisemi bei ilikuwa ya haki. Kanuni iseme wazi kwamba uhusiano utangazwe, mthamini huru apange kodi, na mjumbe wa bodi mwenye maslahi atoke chumbani wakati wa kupiga kura. Chile ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya 2015 iliondoa faida kwa wamiliki wa shule zenye ruzuku, na ikazuia kuchagua wanafunzi.

Kuchagua ndiko kunakoharibu takwimu za matokeo. Shule ikiwaondoa wanafunzi dhaifu miezi miwili kabla ya mtihani, wastani wake unapaa bila mwalimu yeyote kufundisha vizuri zaidi. Dai orodha mbili, ya siku ya kuhesabu na ya chumba cha mtihani, na maelezo ya kila jina lililopotea katikati. Ruzuku ya aliyeondolewa irudi kwa siku zilizobaki. Hiyo huwatuliza wamiliki wengi.

Kosa la kawaida katika adhabu ni kuwa na moja tu, kufuta usajili. Kwa kuwa kufuta kunawaacha watoto nje, mdhibiti huogopa kuitumia, na shule inajua. Weka ngazi: kuzuia awamu inayofuata, kurejesha kilichozidi, kusimamisha udahili mpya, ndipo kufuta.

Andika pia mapema nini kitatokea shule ikifa. Nchini Sweden, JB Education, kampuni ya shule binafsi, ilianguka mwaka 2013, na baadhi ya wanafunzi wakalazimika kupata mahali pengine. Mkataba utaje nani atapokea kumbukumbu za wanafunzi na ndani ya siku ngapi, na nakala ya rejista iwe tayari mikononi mwa mlipaji kila awamu inapolipwa, si kabatini kwa mmiliki.