Je, wajua kwa nini mbwa aliyeokolewa hukojoa ndani mara tu anaporudi kutoka nje?

Watu waliowahi kumchukua mbwa mkubwa kutoka kituo cha kuhifadhi wanyama wanaifahamu vizuri hali hii. Mbwa anatolewa nje asubuhi, anazungushwa kwa dakika 20 akiwa kwenye kamba, ananusa huku na huko bila kuchuchumaa wala kuinua mguu, kisha anarudishwa ndani, na kabla mlango haujafungwa sawasawa tayari amelowesha zulia. Mwenye nyumba hukata shauri kwamba amepewa mbwa mkaidi, au kwamba mbwa huyo anamlipizia kisasi kwa jambo fulani. Hukumu hiyo inamwonea mbwa, na mbaya zaidi, inamfanya mtu achukue hatua zinazolizidisha tatizo lenyewe. Mbwa hakojoi kwa kisasi. Anakojoa mahali ambapo mwili wake umempa ruhusa ya kukojoa.

Ruhusa hiyo hutolewa na neva, wala haitegemei hiari ya mnyama peke yake. Kibofu kina ukuta wa misuli, na shingoni mwake kuna misuli mingine inayobana kama kamba ya mdomo wa mfuko. Mnyama anapokuwa katika tahadhari, neva zinazoandaa mwili kukimbia au kupigana hulegeza ukuta wa kibofu na kuibana shingo yake, kwa kuwa mnyama anayetafuta pa kukimbilia hana nafasi ya kusimama akojoe. Hofu ikimtoka, neva za utulivu hushika zamu: ukuta unajikaza, shingo inalegea, na mkojo unatoka. (Hofu kali ya ghafla inaweza kufanya kinyume na kuachilia mkojo papo hapo, lakini tahadhari ya muda mrefu kwa kawaida huuzuia.) Sasa mfikirie mbwa aliyeishi miezi mingi kizimbani. Kwake huko nje kuna ngurumo za magari, watu asiowajua na harufu za mbwa wengine wengi kwa wakati mmoja, na kwa dakika zote 20 mwili wake hauteremki kutoka kwenye tahadhari. Akisikia mlango umefungwa nyuma yake, anashusha pumzi, na kibofu nacho kinafunguka. Kwa maana hiyo, lile zulia lililolowa ni dalili kwamba ameanza kuiona nyumba yako kuwa salama, ingawa najua si faraja kubwa kwa mtu anayeshika dekio saa 12 asubuhi.

Sababu ya pili hutokana na malezi. Mtoto wa mbwa katika majuma yake ya kwanza hawezi hata kukojoa bila mama yake kumlamba. Anapokaribia juma la 3 huanza kujitenga na mahali anapolala ili ajisaidie, na kufikia juma la 8 au la 9 huwa amekwisha kuanza kupendelea aina fulani ya sakafu chini ya nyayo zake. Aliyekulia kwenye majani hutafuta majani, na aliyekulia kwenye saruji au magazeti huyatambua hayo kuwa ndiyo choo. Mbwa wengi waliookolewa walilazimika kujisaidia palepale walipolala kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine, hivyo hata ile silika ya kutochafua malazi imefifia. Kwa hiyo si haki kusema kwamba mbwa wa namna hii amesahau adabu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha.

Hata hivyo, si kila mkojo wa ndani una chanzo kimoja, na kabla ya kuchukua hatua yoyote ni lazima kuusoma mkojo wenyewe: uko wapi, umetoka saa ngapi, na ni mwingi kiasi gani. Kidimbwi kikubwa katikati ya chumba kwa kawaida ni cha mbwa aliyejaza kibofu na asiyejua pa kwenda. Mkojo kidogo uliorushwa kwenye mguu wa kiti, pembe ya ukuta au mfuko uliotoka kuingizwa ndani ni alama ya kutangaza umiliki. Madume huweka alama hizo zaidi, lakini majike nao huziweka. Mkojo unaopatikana tu pale mbwa anapoachwa peke yake, mara nyingi karibu na mlango uliotumika kuondoka, na ukiambatana na mikwaruzo au vilio, ni wa hofu ya kuachwa. Na unyevu unaokutwa kwenye malazi baada ya usingizi, bila mbwa mwenyewe kuonekana kuujua, ni suala la tiba.

Aina ambayo nimeona ikieleweka vibaya kuliko zote ni ile ya kunyenyekea. Niliwahi kumlea mbwa jike ambaye hakuwa na kosa lolote mchana kutwa, ila kila niliporudi nyumbani na kuinama nimshike kichwa, alilaza masikio nyuma, akaukunja mkia katikati ya miguu, akajiviringisha ubavu, na mkojo mwembamba ukamtoka ukatiririka hadi kwenye viatu vyangu. Katika lugha ya mbwa, kitendo hicho ni ombi la amani: mtoto humfanyia hivyo mkubwa wake ili asidhuriwe. Ukimkemea mbwa wa aina hii unamthibitishia kwamba alikuwa na sababu ya kuogopa, na kesho yake ataomba amani kwa mkojo mwingi zaidi. Kilichosaidia ni mimi kuingia bila kumtazama usoni, kumpuuza kwa dakika chache, kisha kuchutama kwa ubavu na kumwacha aje mwenyewe, nikimkuna chini ya kidevu badala ya kupitisha mkono juu ya kichwa chake.

Kabla ya mafunzo yoyote, mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo pamoja na sampuli ya mkojo. Maambukizi ya njia ya mkojo, mawe ya kibofu, kisukari na maradhi ya figo yote huweza kumfanya mbwa mwenye adabu akojoe ndani, na hakuna ratiba itakayoponya maambukizi. Majike walioondolewa ovari wakati mwingine hupoteza nguvu ya misuli ya shingo ya kibofu kwa sababu ya kupungua kwa homoni, wakavuja usingizini. Hali hiyo ina dawa, na mara nyingi dawa hiyo hufanya kazi vizuri. Kipimo kimoja unaweza kukifanya mwenyewe: pima maji unayomwekea asubuhi na yaliyobaki baada ya saa 24. Mbwa anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani zaidi ya lita 2 kwa mbwa wa kilo 20, anahitaji uchunguzi.

Wengi huamini kwamba mbwa anajua alichokifanya kwa sababu wakifika nyumbani wanamkuta amejikunyata kwa uso wa hatia. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Marekani alichapisha jaribio la mbwa 14, ambao wamiliki wao waliwakataza kula kipande cha chakula kisha wakatoka chumbani. Waliporudi, baadhi ya wamiliki hao walidanganywa kuhusu kilichotokea. Ule uso wa hatia ulitokana na kukemewa, iwe mbwa alikula au hakula. Mbwa anausoma uso wako, na hana uwezo wa kuuhusisha ukali wako na mkojo wa saa mbili zilizopita. Kumsugua pua kwenye mkojo kunamfunza jambo moja tu, kwamba ni hatari kukojoa mbele yako. Baada ya hapo atakojoa nyuma ya kochi, na huko nje, ukiwa umeshika kamba yake, atajizuia kabisa, nawe utakuwa umejinyima nafasi pekee ya kumpongeza.

Njia inayofanya kazi ni kuanza upya, kana kwamba umeletewa mtoto wa mbwa, hata kama mbwa wako ana miaka 6. Mtoe kila baada ya saa mbili anapokuwa macho, na vilevile mara anapoamka, baada ya kula na baada ya kucheza. Mpeleke mahali palepale kila safari, pachague pawe patulivu kuliko pote unapoweza kupapata, na kwa mbwa mwoga chagua saa ambazo watu ni wachache. Usimzungushe, simama tu, ukae kimya, umwache anuse mpaka mwili wake ushuke kutoka kwenye tahadhari. Ikiwa alizoea saruji, anzia kwenye saruji kabla ya kumhamishia kwenye majani, na unaweza kuweka pale kitambaa kilichofuta mkojo wake ili harufu imwambie mahali penyewe. Akikojoa, ngoja amalize, kisha mpe kipande cha chakula akipendacho palepale, ndani ya sekunde moja au mbili. Ukingoja mpaka mfike jikoni, utakuwa umempongeza kwa kuingia jikoni. Baada ya hapo endelea kukaa naye nje kidogo, kwa kuwa mbwa anayeona kwamba kukojoa kunakatiza matembezi hujifunza kuchelewesha.

Ikiwa dakika 10 zimepita bila chochote, hapo ndipo lile zulia la mwanzoni linapookolewa au kupotea. Mrudishe ndani, lakini usimwachilie huru. Mfunge kamba kiunoni mwako, au umweke kizimbani ikiwa kizimba hakimtishi, mkae hivyo kwa dakika 10 au 15, kisha mtoke tena. Mwili uliotulia ndani huenda nje ukiwa bado na utulivu ule, na mara nyingi safari hiyo ya pili ndiyo inayoleta mkojo. Akianza kuzungukazunguka au kunusa sakafu kwa bidii kabla muda haujafika, usipige kelele. Mwite kwa sauti ya kawaida na mtoke upesi.

Usafi nao unahitaji uangalifu. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu mamia ya mamilioni, wakati ya binadamu ina takriban milioni 5 au 6, hivyo sakafu inayokunukia sabuni wewe inaweza kuwa bado inamwambia yeye kwamba choo ni hapa. Epuka dawa za kusafishia zenye amonia, kwani amonia ni sehemu ya harufu ya mkojo wenyewe. Kausha kwanza kwa kukandamiza kitambaa bila kusugua, kisha tumia kisafishaji chenye vimeng'enya (enzimu, zinazovunjavunja mabaki ya mkojo) na ukiache kiloweshe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, mpaka kifike ilipofika ile harufu, pamoja na godoro la chini ya zulia.

Kwa mwenye kuweka alama, mafunzo ni haya haya, na kumhasi dume hupunguza tabia hiyo kwa mbwa wengi, ingawa si kwa wote. Kwa mwenye hofu ya kuachwa, ratiba ya choo haitoshi: rekodi video anapokuwa peke yake, na ukiona anahema, anazunguka na kulia tangu dakika za kwanza, kinachotakiwa kutibiwa ni ile hofu, kwa kumzoesha upweke wa sekunde chache, kisha dakika, kisha saa, kwa msaada wa daktari ikibidi.

Mbwa wengi huanza kubadilika ndani ya majuma machache, wengine huhitaji miezi. Ugeni nyumbani, fanicha kuhamishwa au usiku wa radi vinaweza kumrudisha nyuma, na hapo rudia ratiba ya juma la kwanza kwa siku chache bila kumwonyesha hasira. Wakati huohuo chunguza dalili ndogo mno, ambayo wengi huipita bila kuiona: siku moja mbwa ataondoka alipolala, aende mlangoni, asimame pale bila kubweka, akutazame, kisha autazame mlango. Anaweza kufanya hivyo kwa sekunde tatu tu na kukata tamaa. Acha unachokifanya na umfungulie.