Uyoga wa Gogo Hautambuliwi kwa Kung'aa

Mvua hizi zimetuletea wageni wengi ofisini, hapa Kakamega, kila mmoja na uyoga mgumu wa gogo akiuliza kama ni ule "wa dawa". Tunashukuru kwa imani hiyo. Hata hivyo, kung'aa pekee hakutoshi kuupa uyoga jina.

Uyoga huo "wa dawa" ni wa jenasi ya Ganoderma, yaani kundi la spishi zenye nasaba moja, lililowekwa na Petter Karsten wa Ufini mwaka 1881. Zipo spishi zake zenye ganda linalong'aa kama limepakwa vanishi, na zipo zenye ganda lililofifia kama udongo mkavu. Kinachoziunganisha ni spora, yaani chembe ndogo sana za kuzalia: chini ya hadubini kila moja ina kuta mbili, wa nje laini, wa ndani wa kahawia wenye vijiti vidogo vinavyoufikia ule wa nje. Spora hizo ndizo lile vumbi la rangi ya kakao linalomwagika kwenye majani yaliyo chini ya uyoga.

Mzee mmoja alituletea kipande kipana kama sahani, amekipaka mafuta na kukwangua "uchafu" wa upande wa chini. Uchafu huo, mzee wetu, ndivyo vitundu tunavyovihesabu kwa kila milimita! Na jina la spishi, lucidum, linalotajwa sokoni lilitolewa na William Curtis mwaka 1781 kwa uyoga wa Uingereza. Hata wa Uchina ulipewa jina lake, Ganoderma lingzhi, mwaka 2012. Wa kwetu usibatizwe kwa sura tu.

Ukiupata shambani mwako, upige picha ukiwa bado mtini, andika jina la mti na kama uko hai, kisha ukate pamoja na kikonyo chake. Ufunge kwa gazeti. Kwenye nailoni utaoza.

Katika Msitu wa Kakamega ni mambo mengine. Upande wa Isecheno uko chini ya KFS, shirika la misitu la Kenya, na Buyangu chini ya KWS, shirika la wanyamapori. Mtafiti huanza na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na anayechukua rasilimali za kijenetiki, yaani sampuli za viumbe kwa ajili ya vinasaba vyake, huhitaji pia idhini ya msimamizi wa eneo, halafu kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa kanuni za mwaka 2006. Kubeba mazao ya msitu wa umma bila kibali ni kosa chini ya sheria ya misitu ya mwaka 2016, hata kikiwa kipande kimoja. "Sikujua" haikubaliki kortini.

Ukiuona kwenye shina la mti hai karibu na nyumba, kuung'oa hakuuponyi mti. Kuvu yenyewe imo ndani, inakula lignini inayoipa mbao ugumu. Mwite mtaalamu wa miti aupime kabla upepo haujauangusha.