Jerry Lee Lewis hakuishia 1958

Wengi husimulia kwamba skendo ya mwaka 1958 ndiyo iliyommaliza Jerry Lee Lewis, yule mpiga piano wa rock and roll wa Marekani. Kuanguka alianguka kweli. Mei mwaka huo alitua London kwa ziara, na mwandishi wa habari akamuuliza msichana aliyefuatana naye yeye ni nani. Mke wa Jerry, akajibu. Magazeti yakaambiwa ana miaka 15. Kumbe ana 13, na baba yake ni binamu wa Jerry Lee, tena mpiga besi wa bendi yake. Maonyesho matatu tu, ziara ikavunjwa. Huko kwao redio zikamsusa na malipo yakaporomoka. Binafsi simwonei huruma.

Ila kumalizika hakumalizika. Alizunguka kumbi ndogo miaka kumi hivi, kisha 1968 akaibukia kwenye kantri, muziki wenye asili ya mashambani Marekani: piano ileile, mwendo wa taratibu, sauti ya mtu aliyechoka. Nyimbo zikaingia kumi bora za kantri, moja baada ya nyingine, hadi miaka ya 1970. Alifariki Oktoba 2022 akiwa na miaka 87.