Tignanello na zabibu nyeupe zilizoondolewa

Nikimimina Tignanello, wageni huuliza kwanza kuhusu Cabernet: zabibu za Kifaransa zinatafuta nini kwenye mvinyo mwekundu wa Toscana, Italia? Swali halali, ila mimi huwarudisha kwanza kwenye zabibu nyeupe, maana bila kisa chake mchanganyiko huu haueleweki.

Ukoo wa Antinori wa Firenze umo kwenye biashara ya mvinyo tangu 1385. Shamba lao la Tignanello liko kwenye vilima vya Chianti Classico, eneo la Toscana linalotoa mvinyo uitwao Chianti, kati ya mabonde ya mito Greve na Pesa, mita 350 hadi 400 kutoka usawa wa bahari. Kanuni za Chianti za 1967 zilimlazimu mzalishaji kutia zabibu nyeupe, Trebbiano au Malvasia, angalau asilimia 10. Zilifanya mvinyo uwe laini na unyweke mapema, lakini ziliufifisha rangi na kuufupishia maisha.

Mvinyo wa shamba hilo wa 1970 bado ulikuwa Chianti Classico Riserva, yaani Chianti iliyokomazwa zaidi. Kuanzia ule wa 1971, Piero Antinori na mtaalamu wake wa mvinyo Giacomo Tachis waliliacha jina la Chianti wakatumia la shamba, na kufikia 1975 zabibu nyeupe hazikuwamo kabisa. Kisheria ukahesabiwa mvinyo wa mezani tu, daraja la chini kuliko yote. Kwa ukoo wa jina kubwa namna ile, uamuzi huo ulihitaji moyo, nami nauheshimu sana.

Sasa, ulaini utatoka wapi? Sangiovese, zabibu nyekundu ya Toscana ambayo ni karibu asilimia 80 ya mchanganyiko, ina uchachu unaojaza mdomo mate, ladha ya cheri na ukakasi unaoshika ufizi. Tachis alisimamia uchachushaji wa pili, ule ambao bakteria hugeuza asidi kali ya maliki kuwa asidi laini ya laktiki, kisha akaukomaza mvinyo katika mapipa madogo ya mwaloni, ya lita 225 hivi. Hewa kidogo inayopenya kwenye mbao huutuliza ukakasi polepole.

Cabernet Sauvignon, takriban asilimia 15, inaongeza rangi na uzito pale Sangiovese inapopungukiwa. Cabernet Franc, kama asilimia 5, naitambua puani zaidi, kwa harufu yake ya majani mabichi. Mgawanyo huu haujabadilika sana tangu 1982.

Hata hivyo Sangiovese huchelewa kuiva, na mvua za vuli huweza kuiharibu. Ndiyo maana shambani humwagwa mawe meupe ya alberese kati ya mistari ya mizabibu, yarudishe mwanga na joto kwenye vichala. Mwaka ukiwa mbaya hawatoi Tignanello kabisa. 1984, 1992 na 2002 hazina chupa.

Leo kanuni za Chianti Classico zinapiga marufuku zabibu nyeupe na zinaruhusu hadi asilimia 20 ya zabibu nyingine nyekundu. Tignanello ingeweza kurudi, lakini chupa bado inaandikwa Toscana IGT, alama ya mvinyo wa mkoa mzima wa Toscana.

Ukiipata, inywe kwa nyuzi 16 hadi 18. Joto la sebuleni Mombasa au Dar es Salaam litaifanya pombe itawale na kuifunika cheri, kwa hiyo ipitishe kwenye friji kwanza. Ikiwa bado changa, ihamishie kwenye jagi pana saa moja kabla ya mlo, na uiandalie nyama ya kuchoma yenye mafuta. Mafuta na ukakasi hupatana.