Grafu ipi kwa data ipi: maana ya kuchagua aina ya grafu

Kuchagua aina ya grafu ni kuamua jicho la msomaji lipime nini. Namba zikiwa kwenye jedwali, msomaji anazisoma moja moja na kuzishika kichwani. Zikiingia kwenye grafu, kila namba inageuka kuwa kitu kinachoonekana: urefu wa upau, mahali pa nukta, upana wa kipande cha duara, ukolezo wa rangi. Programu za lahajedwali, kama Excel, zinakupa aina kadhaa kwa kubofya kitufe, na hapo ndipo wengi wanapotea, maana wanachagua ile iliyowapendeza machoni. Swali la kuanzia ni hili: msomaji anatakiwa alinganishe nini na nini?

William Playfair, Mskoti aliyechapisha grafu za mistari na pau mwaka 1786, alilikuta swali hilo mapema. Alitaka kuonyesha biashara ya nje. Kwa Uingereza alikuwa na takwimu za miaka mingi, akachora mistari inayopanda na kushuka kadiri miaka inavyokwenda. Kwa Uskoti alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu. Hapakuwa na mwenendo wa kuonyesha, kwa hiyo akachora pau, akiipa kila nchi iliyofanya biashara na Uskoti nafasi yake. Data ndiyo iliyomwamulia, na hadi leo kanuni hiyo haijabadilika: mambo yanayokwenda na wakati yafuatwe kwa mstari, makundi yaliyosimama pamoja yalinganishwe kwa pau. Grafu ya duara aliileta baadaye, mwaka 1801.

Lakini kwa nini grafu moja isomeke vizuri kuliko nyingine, ikiwa zote zinabeba namba zile zile? Mwaka 1984 William Cleveland na Robert McGill, watafiti wa maabara ya Bell Labs nchini Marekani, walichapisha kazi iliyozipanga kazi za jicho kwa usahihi wake, na wakaijaribu sehemu ya mpangilio huo kwa kuwapa watu maumbo wakadirie namba. Jicho linafanya vizuri zaidi linapolinganisha mahali pa vitu vilivyo kwenye kipimo kimoja. Unafuata urefu, kisha pembe, kisha eneo. Ujazo na ukolezo wa rangi viko mkiani. Mimi naona mpangilio huu una thamani kuliko orodha yoyote ya "grafu kumi unazopaswa kuzijua", kwa sababu karibu kila ushauri mzuri kuhusu grafu unatokana nao.

Chukua grafu ya duara. Inamtaka msomaji apime pembe na eneo. Weka kipande cha 27% na kingine cha 31% pande tofauti za duara, kisha uliza kipi kikubwa, wengi watasita. Namba hizo hizo ukizichora kwa pau mbili zilizosimama sambamba, jibu linaonekana papo hapo. Hata hivyo siungani na wanaotaka duara lifutwe kabisa. Sehemu zikiwa mbili au tatu, zote zikifanya kitu kimoja kizima, na moja ikikaribia nusu au robo, duara linaeleza haraka kwa sababu nusu na robo tunazitambua bila kupima. Linaharibika vipande vinapofika sita au saba. Na linakuwa kosa la wazi pale jumla isipokuwa 100%, kama katika dodoso ambalo mtu mmoja aliruhusiwa kuchagua majibu kadhaa.

Eneo nalo lina mtego wake. Mchoraji anataka kuonyesha kitu kimeongezeka mara mbili, basi anakuza kipenyo cha mduara mara mbili. Eneo limeshakua mara nne, na jicho linaona eneo. Ukilazimika kutumia miduara, hesabu eneo kwanza, kipenyo kifuate.

Upau unasomwa kwa urefu, kwa hiyo lazima uanzie sifuri. Tuseme kitu kimetoka 96 kikafika 100. Anza mhimili wa wima kwenye 95 na utapata upau mmoja wenye kimo cha hatua 1 na mwingine wenye hatua 5. Msomaji anaona ongezeko la mara tano, ilhali ukweli ni karibu 4%. Namba zilizoandikwa pembeni ni sahihi, ila maumbo yanasema jambo jingine, na maumbo ndiyo yanayokumbukwa.

Kwa mstari, sharti hilo halipo. Mstari unasomwa kwa mahali na kwa mwinamo. Grafu ya joto la mwili la mgonjwa inayoanzia sifuri ingeonyesha mstari bapa kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, na homa ya nyuzi 40 isingeonekana kuwa tofauti na nyuzi 37. Hapo mhimili unaoanzia 35 ndio wa kweli. Kwa hiyo anayekwambia "kila grafu ianzie sifuri" amekupa nusu ya kanuni. Jiulize kama jicho linapima kimo kutoka chini au linafuata mabadiliko.

Kuna uchaguzi mwingine unaohitaji maneno machache tu. Pau zipangwe kwa ukubwa, isipokuwa makundi yana mpangilio wake wa asili kama umri au miezi. Majina marefu yakisongamana, zilaze pau ili yasomeke bila kugeuza shingo. Ukitaka kuona namba zimetawanyika vipi, tumia histogramu, yaani pau zinazohesabu ni namba ngapi zimeangukia katika kila kikundi, maana wastani peke yake unaficha kama watu wamejikusanya katikati au wamegawanyika pande mbili. Jaribu upana tofauti wa vikundi, kwa sababu upana mmoja unaweza kufuta kilele ambacho mwingine unakionyesha. Mistari ikizidi minne au mitano katika grafu moja, igawe katika grafu ndogo ndogo zenye mizani moja. Na mizani mbili tofauti, moja kushoto na nyingine kulia, mimi naiepuka: anayepanga mizani ana uwezo wa kuifanya mistari miwili yoyote ikutane, na msomaji atadhani kukutana huko kuna maana.

Kwa uhusiano kati ya vitu viwili, grafu ya nukta haina mpinzani. Mwaka 1973 mwanatakwimu Mwingereza Francis Anscombe alitunga makundi manne ya data, kila moja likiwa na jozi 11 za namba, x na y. Wastani wa x ni 9 katika makundi yote, wastani wa y ni kama 7.5, na kipimo cha uhusiano kati yake (ambapo 1 ni mstari ulionyooka kabisa) ni kama 0.816 kote. Kwa muhtasari huo ungeapa ni data ile ile. Zichore sasa: kundi la kwanza ni nukta zinazopanda kwa mtawanyiko wa kawaida, la pili linajikunja kama tao, la tatu limenyooka isipokuwa nukta moja iliyochomoka juu, na la nne lina nukta 10 zilizosimama wima mahali pamoja na moja iliyokaa mbali peke yake. Hakuna wastani ungekueleza hayo.

Nukta zenyewe zinasaidia, lakini lazima ziwemo zote. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi na mameneja walijadili kama chombo cha anga cha Challenger kirushwe katika baridi kali. Hofu ilikuwa pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi, ambazo zilikwishawahi kuharibika katika safari za nyuma. Walipotazama uhusiano wa uharibifu na joto, walizitazama safari zilizopata hitilafu peke yake. Katika hizo, hitilafu ilikuwepo siku za baridi na siku za joto pia, hivyo mwelekeo haukuonekana. Chombo kikarushwa, kikasambaratika angani. Tume ya rais wa Marekani iliyochunguza ajali hiyo ilichora upya ikiwa imeongeza safari zote zilizokwenda salama. Picha ikabadilika. Katika safari 20 zilizofanyika kwenye nyuzijoto za Farenhaiti 66 au zaidi, tatu tu zilikuwa na hitilafu. Chini ya 65, safari zote nne zilikuwa nayo. Siku ya ajali baridi ilishuka mbali chini ya safari yoyote iliyotangulia, na wanaanga saba wakafa. Uamuzi ule ulikuwa na sababu nyingi, na sisemi grafu moja ingetosha kuuzuia. Ninachoona ni kwamba safari zisizo na hitilafu zilikuwa sehemu ya data, na kuziacha nje kulifuta ule mwelekeo ambao kila mtu chumbani alikuwa anautafuta.

Rangi inahitaji uangalifu wa namna yake. Ikiwa inatenganisha makundi, chagua rangi zinazotofautiana waziwazi, na zisizidi chache. Ikiwa inaonyesha kiasi kutoka kidogo hadi kingi, tumia rangi moja inayokolea taratibu. Ikiwa kuna katikati yenye maana, kama faida na hasara, tumia rangi mbili zinazokutana kwenye rangi hafifu. Mpangilio wa upinde wa mvua unapendwa sana, lakini jicho halijui kama kijani ni kikubwa au kidogo kuliko zambarau, na manjano inang'aa katikati pasipo na jambo lolote kubwa katika data. Ndiyo maana Matplotlib, maktaba ya kuchorea grafu inayotumiwa sana na wanasayansi, iliiacha rangi yake ya awali ya namna hiyo, na toleo la 2.0 la mwaka 2017 likaja na viridis, inayokwenda kutoka zambarau iliyokolea hadi manjano, na inayosomeka hata ikichapwa nyeusi na nyeupe. Kumbuka pia wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini ni karibu 8% ya wanaume. Tofauti muhimu isibebwe na rangi peke yake. Ongeza umbo la nukta, mstari wa vipande, au jina lililoandikwa hapo hapo.

Jina kuandikwa hapo hapo ni jambo dogo linalosaidia sana. Mstari ukiwa na jina lake mwishoni, msomaji haendi na kurudi kwenye kisanduku cha maelezo akitafuta bluu ni nani. Kichwa cha grafu nacho kiseme kilichopatikana: "Vifo vimepungua kwa nusu tangu chanjo ianze" kinafanya kazi ambayo "Vifo kwa mwaka" hakiifanyi. Weka vipimo, weka chanzo cha data, na uache mapambo ya kina na kivuli, maana pau zilizochorwa kama masanduku huzibana kwa nyuma na kilele chake hakijulikani kinaishia wapi.

Ramani zinapendeza na zinadanganya kirahisi. Ukipaka rangi mikoa kwa idadi ya wagonjwa, mara nyingi umechora tu mahali watu wanapoishi kwa wingi. Gawanya kwa idadi ya watu kwanza. Hata hivyo mkoa mpana wenye watu wachache utaendelea kujaza macho kuliko mji uliosongamana.

Na kama namba zako ni mbili au tatu, ziandike katika sentensi. Kama msomaji anahitaji thamani kamili ili akafanye hesabu zake, mpe jedwali. Ukishachora, mwonyeshe mtu asiyeijua data hiyo kwa sekunde chache, kisha ifunike na umwulize ameona nini. Akitaja rangi au mapambo, au akitaja tofauti ambayo wewe hukukusudia, rudi ubadilishe aina ya grafu kabla ya kugusa kitu kingine.