"As lazy as he is clever": sifa mbili kwa mtu mmoja

Mimi ni mtafsiri, na kuna muundo mmoja wa Kiingereza watu wanaupita harakaharaka kumbe ndani yake kuna mambo. Sio ile misemo kama "as cool as a cucumber" (mtulivu kabisa), hiyo unakariri tu basi, wala usiumize kichwa tango limeingiaje hapo, tango lenyewe ni la baridi, halafu linaanza na herufi ileile na linapendeza mdomoni. Naongelea hii: "He is as lazy as he is clever."

Ukiiangalia juujuu unaona uvivu na akili vimewekwa sawa, ila havina kazi moja. Akili, iliyokaa mwisho, inachukuliwa kama kitu mnakijua tayari na hakuna wa kubisha, uvivu ndo habari yenyewe anayotaka uisikie. Geuza sasa, "as clever as he is lazy", hapo uvivu ndo unajulikana mtaa mzima na akili ndo inatetewa. Kwa hiyo ukimwandikia mtu barua ya kumsifia kazini aisee usichezee huo mpangilio.

Halafu kuna vipimo. "The table is as long as it is wide" haijasema meza ni ndefu wala pana, inaweza kuwa kijimeza cha kuwekea kikombe, maana yake pande zimelingana tu. Lakini andika "as short as it is narrow" na ghafla meza imekuwa fupi na nyembamba kweli, kwa sababu long na wide ndo maneno ya kupimia, mtu anauliza "how long" hata kwa kitu kifupi, kama sisi tunavyouliza urefu wa penseli na sio ufupi wake. Uvivu na akili havina futikamba, so kinacholinganishwa pale ni kila sifa imempita mtu wa kawaida kwa kiasi gani.

Nikitafsiri naanza na kile kinachojulikana: "Akili anazo kwelikweli, na uvivu nao hivyohivyo." Ukifuata mpangilio wa Kiingereza unapata "ni mvivu kama alivyo na akili", inaeleweka lakini imepoa.

Na jamani "as lazy like he is clever" hapana. Najua inatoka wapi, "kama" yetu inafanya kazi zote mbili, ila kwenye Kiingereza "as" ya kwanza inadai mwenzake, na "he is" usiiruke, "as lazy as clever" inabaki inaning'inia.