Kutoka Katwe hadi Katwe: chesisi iliyoliwa na kutu

Uganda ina Katwe mbili. Moja ni hii ya Kampala nilipo mimi, ambako huwezi kusikia simu yako ikilia kwa kelele za nyundo na grinda. Nyingine iko Kasese, kwenye ziwa la chumvi. Mwaka jana nililetewa Land Rover Series III ya 1974, ile ndefu ya inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli, iliyozeekea kwenye Katwe ya chumvi. Mwenyewe, afande mstaafu, aliniambia, "Fundi, nichomelee hapo nyuma tu. Bodi yake bado nzima kabisa."

Bodi ilikuwa nzima kweli, na hapo ndipo magari haya yanapowadanganya watu. Bodi ya Land Rover ya zamani karibu yote ni aluminiamu, haishiki kutu nyekundu. Chesisi, fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma, tena si chuma kizito kama wengi wanavyodhani. Ni mabati ya milimita 2 hivi yaliyounganishwa yakawa boksi lenye uwazi ndani. Vumbi la murram huingia kwenye uwazi huo, mvua hulilowanisha, nalo hukaa na unyevu wiki nzima wakati nje pamekauka. Ukiongeza chumvi, ambayo huvuta maji hata kutoka hewani, chuma kinaliwa kutoka ndani kuja nje. Siku unayoona tundu, kazi ilishaisha zamani.

Kwa hiyo silitazami gari, nalisikiliza. Nililala chini na nyundo ndogo, nikaanza kugonga boriti ndefu ya kushoto ya chesisi kutoka mbele. Ting, ting, ting. Nilipofika karibu na springi ya nyuma sauti ikawa pu, kama kugonga boga. Nikachukua bisibisi nikasukuma kwa kiganja tu: ikazama hadi kwenye mpini, na vipande vikanimwagikia usoni kama maganda ya kitunguu. Chini ya rangi nyeusi kulikuwa na puti. Kuna fundi aliyepakapaka puti kwenye chesisi, akapiga rangi, akachukua pesa. Puti ni ya kusawazisha bodi. Haibebi gari.

Kabla ya kukata chochote, nilitoa tangi la mafuta. Si kulifunika kwa gunia lenye maji, kama nilivyoona watu wakifanya. Ni kulitoa na kulipeleka mbali. Nikafungua betri na waya za alteneta, maana umeme wa kuchomelea unaweza kuiua. Halafu vipimo: kutoka tundu la boriti la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, kisha mshazari wa pili. Viwili hivyo lazima vilingane, na viandikwe ukutani, si kwenye simu itakayoisha chaji.

Kisha nikachomelea vyuma vya L vya muda kushikilia boriti zisicheze. Hili nililijua kwa gharama. Miaka ya mwanzo nilikata boriti ya gari fupi bila kulifunga, likiwa juu ya jeki mbili. Nilipomaliza, mlango wa dereva haukufunga tena. Nilirudia kazi yote bure.

Sehemu ngumu ni kukata. Mkono unataka kusimama mapema, kwa sababu kila sentimita unayokata utailipia kwa bati jipya. Lakini kiraka kilichochomelewa kwenye kutu hushika kutu, na mwaka haupiti kabla hakijabanduka na ukingo wake. Nilikata hadi grinda ikatoa cheche safi na chuma kikang'aa pande zote. Afande alitarajia tundu la kiganja. Tulifika sentimita 60.

Jirani yangu alinishauri niweke bati la milimita 6, "lisioze tena". Hapana. Chesisi ya gari hili hujipinda kidogo njiani. Ukiweka kipande kigumu kupita kiasi, mpindo wote unahamia ukingoni mwake na boriti inapasuka hapo. Nilitumia la milimita 3, ncha nikazichonga mshazari, ili mstari wa kuchomelea usiikate boriti wima mahali pamoja. Pembe nikaziviringa. Nikashikiza nukta nukta, nikapima mshazari tena, ndipo nikachomelea vipande vya sentimita 3, huku kisha kule, nikisubiri chuma kipoe. Ukichoma mfululizo, joto litaivuta boriti ipinde, na bati jembamba litatoboka.

Ndani nilimimina nta iliyochanganywa na oili, baada ya moto wote kuisha. Wengine humimina oili chafu ya injini. Inasaidia kiasi, ila siku ukirudi kuchomelea itakuwakia.

Afande alipokuja kulichukua, aliona matundu manne niliyotoboa chini ya boriti.

"Haya ya nini?"

"Ya kutolea maji, Afande."

"Si maji yataingilia hapohapo?"

"Yataingia tu, hata nikiziba yatapata njia. Wewe ukirudi Kasese, lioshe chini kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki, na matundu haya yasizibwe na tope."

Aliinama akaingiza kidole cha mwisho, hakikupita. Akaniomba msumari wa kuzibulia. Nikampa wa inchi nne.